Fizi zimevimba tangu mama aongezewe dawa ya presha. Aiache?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mama yangu ana miaka 58 na ana presha. Kwa miaka miwili alikuwa anameza amlodipini ya miligramu 5 mara moja kwa siku. Mwezi wa pili presha ikagoma kushuka, akaongezewa ikawa miligramu 10. Kufika mwezi wa tano fizi za mbele zikaanza kuvimba, na sasa zimefunika sehemu ya meno. Akipiga mswaki zinatoka damu, ila hazimuumi. Duka la dawa walimpa amoksilini na metronidazo za siku tano, fizi zikanywea kidogo halafu zikavimba tena. Jirani anasema ni ukosefu wa vitamini C. Mwingine kamwambia ni hiyo dawa ya presha, basi mama ameiacha, leo siku ya nne. Jana zahanati walimpima wakakuta 168 kwa 98. Aendelee kuiacha? Na fizi zitarudi kama zamani?"

Jibu:

Pole ndugu yangu, na mpe mama pole. Tuanze na lisilosubiri: arudie dawa yake leo. Ameze kidonge kimoja cha kipimo kile kile, asimeze viwili kufidia siku alizoruka. Amlodipini hukaa sana mwilini, nusu yake huchukua saa 30 hadi 50 kuondoka. Kwa hiyo siku ya nne bado kuna mabaki yake kwenye damu, na hiyo 168 kwa 98 imepimwa wakati mabaki hayo yanaendelea kumsaidia. Akizidi kuiacha, namba zitapanda. Na fizi hazitapungua kwa siku nne wala kwa wiki moja, kwa hiyo anabeba hatari ya kiharusi bila faida yoyote kinywani.

Aliyemwambia kuwa ni dawa ya presha huenda amekipata chanzo. Alichokosea ni tiba.

Kuvimba kwa fizi kwa sababu ya dawa ni jambo linalojulikana miaka mingi. Mwaka 1939 lilielezwa kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakitumia fenitoini. Miaka ya 1980 likaonekana kwa wanaotumia saiklosporini, dawa ya watu waliopandikizwa figo, na kwa wanaotumia nifedipini, dawa ya presha ya ukoo mmoja na amlodipini. Nifedipini ndiyo inayosumbua zaidi. Kwa amlodipini, tafiti zinazotajwa mara nyingi zinaonyesha takriban watu 2 hadi 3 kwa kila 100. Ni wachache, lakini kwa kuwa dawa hii inamezwa na watu wengi mno Afrika Mashariki, hao wachache wanafika kliniki kila wiki, na wengi wao hutibiwa kama wenye ugonjwa wa fizi wa kawaida bila mtu kuwauliza wanameza nini.

Dawa hizi zinafanya nini hasa? Ukuta wa mshipa wa damu una misuli, na misuli hiyo hukaza kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake. Amlodipini inabana milango ya kalsiamu, mshipa unalegea, presha inashuka. Fizi nazo zina seli zinazopitisha kalsiamu. Kuna seli ambazo kazi yake ni kutengeneza nyuzi za kolajeni, zile zinazoupa ufizi uimara, na pia kuzivunja zilizochakaa. Kwa mtu mwenye afya kutengeneza na kuvunja huenda sawa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kalsiamu ikipungua, seli hizi hushindwa kuchukua foliki (vitamini ya kundi B) ya kutosha, na bila hiyo kimeng'enya cha kuvunjia kolajeni hakikamiliki. Ni kama ghala linalopokea magunia kila siku huku mlango wa kutolea umefungwa nusu. Nyuzi zinarundikana, ufizi unanenepa.

Lakini hilo peke yake mara nyingi halitoshi, na hapa ndipo penye tumaini la mama. Lazima kuwe na moto unaochochewa na ukoga, ule utando laini wa bakteria unaojijenga kwenye meno, pamoja na ugaga, yaani ukoga uliogandamana ukawa kama jiwe. Ukoga unaleta uvimbe, dawa inaukuza na kuugandisha. Ufizi ukishanenepa unatengeneza mfuko kati yake na jino, mswaki haufiki humo, ukoga unazidi, ufizi unazidi. Watu wawili wanaweza kumeza kidonge kile kile, mmoja akavimba na mwenzake asivimbe. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kurithi, hatuwezi kuibadilisha. Sehemu nyingine ni usafi wa kinywa, na hiyo tunaiweza.

Sasa utajuaje kama hali ya mama ni hii? Mwambie akae mwangani, mfunue mdomo utazame. Uvimbe wa dawa kwa kawaida huanzia kwenye kile kipande cha ufizi chenye ncha kati ya jino na jino, hasa meno ya mbele upande unaotazama midomo, kama shanga ndogo ndogo zinazokua hadi kukutana. Ukiwa safi huwa wa waridi iliyopauka, mgumu ukiubonyeza, na hauumi. Ukiwa na ukoga huwa mwekundu, laini, na hutoa damu ukiguswa. Halafu angalia sehemu ambazo hana meno, kama zipo: uvimbe huu kwa kawaida hauoti palipong'olewa jino. Mara nyingi hujitokeza mwezi wa kwanza hadi wa tatu baada ya kuanza dawa au kuongezewa. Kwa maelezo yako, kipimo kilipanda mwezi wa pili na fizi zikaanza mwezi wa tano. Mpangilio huo unaendana kabisa. Hata hivyo, kuthibitisha ni kazi ya daktari wa meno anayeona kinywa chenyewe.

Vitamini C: ukosefu wake kweli huvimbisha fizi, lakini huwa ni kwa mtu ambaye kwa miezi hajala matunda wala mboga. Fizi zake huwa za zambarau, laini kama sifongo, huku ngozi ikipata madoa ya damu na vidonda vikichelewa kupona. Mama akila machungwa, mapera na mchicha hakuna ubaya, vidonge vya kununua havitanyoosha ufizi huu. Vivyo hivyo vidonge vya foliki. Kwa kuwa nimetaja foliki hapo juu kuna mtu atakimbilia dukani, lakini kwa dawa za presha faida yake haijathibitishwa.

Zile antibayotiki zilipunguza bakteria kwa siku chache, na sehemu ya uvimbe iliyotokana na bakteria ikanywea. Ugaga ukabaki pale pale, dawa ya presha ikaendelea, basi fizi zikarudi. Asirudie kununua. Na kuna hatari moja ambayo wauzaji wengi wa dawa hawaisemi: antibayotiki za erithromaisini na klarithromaisini huzuia ini kuondoa amlodipini na nifedipini, dawa ya presha inajilimbikiza, na mgonjwa anaweza kushuka presha hadi kuanguka au figo kuumia. Yeyote atakayetaka kumwandikia antibayotiki ya meno aambiwe kwanza kuwa anatumia amlodipini.

Na hii si mzio. Mzio wa dawa huvimbisha midomo, ulimi au uso kwa dakika au saa, hauji polepole kwa miezi kati ya meno.

Haya, kazi ya nyumbani, ambayo ianze usiku huu. Mswaki uwe laini, wenye kichwa kidogo. Nyuzi zake zilazwe kwa mshazari, takriban digrii 45, nusu zikiwa kwenye jino na nusu kwenye ukingo wa ufizi, kisha azitikise kidogo kidogo papo hapo, jino hadi jino, bila kusugua kwa nguvu kama anaosha sufuria. Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Damu itatoka. Wengi wakiiona damu wanaacha kugusa sehemu hiyo, na hilo ndilo kosa kubwa, kwa sababu damu inatoka palipo na ukoga. Akipasafisha vizuri kila siku, kwa kawaida inapungua ndani ya wiki moja hadi mbili. Katikati ya meno apitishe uzi wa meno au vile vibrashi vyembamba vya kuingiza kati ya meno mara moja kwa siku. Vijiti vya mbao avitupe, vinachoma ufizi uliovimba na kuacha vipande ndani. Akipenda mswaki wa mti, autumie. Atafune ncha hadi ilainike, aikate na kuanza mpya kila siku, ila ajue ni mgumu kufika nyuma ya meno upande wa ulimi, kwa hiyo huko amalizie na brashi.

Kama anaweza kupata dawa ya kusukutulia ya klorheksidini ya asilimia 0.2, atumie mililita 10 kwa dakika moja, ateme, mara mbili kwa siku, isizidi wiki mbili. Apishe kama nusu saa baada ya dawa ya meno, kwa sababu povu la dawa ya meno huipunguza nguvu. Itayapaka meno rangi ya kahawia, hasa kwa mnywaji wa chai ya rangi. Rangi hiyo husafishwa kliniki, isimtishe. Akiikosa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu inaliwaza, mradi ateme yote, maana chumvi na presha havipatani. Mkaa, ndimu na mafuta ya karafuu yasiyochanganywa visikaribie fizi hizo. Mkaa unakwangua, ndimu inamomonyoa jino, karafuu inaunguza.

Usafi wa nyumbani hauondoi ugaga. Huo hutolewa kliniki ya kinywa na meno kwa vifaa, juu ya ufizi na chini yake, na kwa hali kama ya mama inaweza kuchukua ziara mbili au zaidi, wakati mwingine kwa sindano ya ganzi. Ziara hii ndiyo tiba ya kwanza, kabla ya kufikiria kubadilisha dawa. Hospitali nyingi za wilaya na mkoa zina kliniki hiyo. Mtaalamu bingwa wa fizi mtampata kwa rufaa, mfano Muhimbili. Siku hiyo mama ameze dawa yake ya presha kama kawaida na ale. Presha ikikutwa 180 kwa 110 au zaidi, kazi isiyo ya dharura huahirishwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoiacha dawa. Kama anatumia aspirini ndogo ya moyo asiiache kwa ajili ya kusafishwa meno, amwambie tu daktari. Maumivu baada ya hapo yatulizwe kwa parasetamo. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kuelemea figo.

Wiki sita hadi nane baadaye apimwe tena. Uvimbe ukiwa umeshuka na damu imekoma, anaweza kubaki na amlodipini yake, akisafishwa kliniki kila miezi mitatu mwanzoni. Kwa wenye uvimbe mdogo hii mara nyingi inatosha.

Ukibaki mkubwa, ndipo suala la kubadilisha dawa linapoingia, na hapa lazima niwe mkweli: amlodipini si dawa ya kuachwa kirahisi. Utafiti wa CREOLE, uliofanyika katika nchi 6 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa mchanganyiko wa dawa mbili wenye amlodipini ndani yake ulishusha presha za Waafrika weusi vizuri kuliko mchanganyiko wa perindoprili na hidroklorothiazaidi. Kwa hiyo daktari akisita kuiondoa, asionekane mkaidi.

Njia anazoweza kupima ni hizi. Kurudisha amlodipini kwenye miligramu 5 na kuongeza dawa ya ukoo mwingine. Uhusiano wa kipimo na ukubwa wa uvimbe haujanyooka kwa kila mtu, lakini kwa mama ambaye miaka miwili ya miligramu 5 haikumletea shida, mimi ningeuliza hili kwanza. Au kuiondoa kabisa na kuweka losatani, pengine pamoja na dawa ya kukojoza kama indapamidi au hidroklorothiazaidi, kwa sababu losatani peke yake huenda isitoshe. Losatani inahitaji kupimwa figo na potasiamu kabla, na tena wiki chache baada ya kuanza. Za kukojoza zinaweza kushusha potasiamu na sodiamu na kuamsha jongo. Enalaprili nayo ipo, lakini huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, na kuvimba midomo na ulimi, tatizo linalowapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Kuhamia nifedipini si suluhisho, wala verapamili na diltiazemu, zote zinaweza kufanya yale yale. Kama amlodipini ilitolewa pia kwa maumivu ya kifua ya moyo, hesabu inabadilika. Na msomaji mwingine ambaye ni mjamzito asisome hapa akadai losatani au enalaprili: zinamdhuru mtoto tumboni.

Kuna mtego mmoja dukani. Siku hizi vidonge vingi vya presha vina dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na majina ya biashara hayakuambii kitu. Mama anaweza kubadilishiwa dawa na kidonge kipya kikawa na amlodipini ile ile pamoja na losatani. Soma maandishi madogo chini ya jina kubwa, ukiona neno linaloishia na dipine, ni ukoo ule ule.

Je, fizi zitarudi kama zamani? Damu hukoma mapema, wiki chache. Unene hushuka polepole, kwa miezi, na uvimbe mpya kama wa mama hushuka vizuri kuliko uliokaa miaka ukakakamaa. Baada ya kubadilisha dawa, madaktari wengi husubiri kati ya miezi 6 na 12 kabla ya kufikiria kukata. Kikibaki kinachoficha meno au kuzuia kutafuna, hukatwa kwa ganzi, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini kukata huku dawa inaendelea na ukoga upo ni kujipangia kukatwa tena, uvimbe unaweza kurudi ndani ya miezi.

Msisubiri miadi mkiona haya: presha 180 kwa 120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au macho kufifia; midomo au ulimi kuvimba ghafla. Hayo ni ya dharura, usiku au mchana. Fizi zinazokua haraka kwa wiki chache huku mtu akipauka, ana homa, anapata michubuko bila kugongwa, zinahitaji kipimo cha damu haraka, kwani saratani ya damu huanza hivyo kwa baadhi ya watu. Uvimbe wa upande mmoja tu, kidonda kisichopona wiki tatu, doa la zambarau kwenye kaakaa, usaha au meno kulegea, hayo nayo yaonwe na daktari wa meno wiki hii hii. Na kama hajapimwa sukari mwaka huu, apimwe. Kisukari na fizi mbovu huchocheana.

Kwa siku 7 kuanzia kesho mpimeni presha asubuhi na jioni. Akae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, bila kahawa nusu saa kabla. Vipimo viwili vilivyopishana dakika moja, viandikwe vyote. Karatasi hiyo iende kwa madaktari wote wawili, wa presha na wa meno, na juu yake uandike: "Amlodipini 5 kwa miaka miwili, 10 tangu mwezi wa pili, fizi zimeanza kuvimba mwezi wa tano, aliiacha siku nne kisha akairudia." Ongeza dawa nyingine zote anazomeza, hata za kienyeji, na taja kama amewahi kutumia dawa ya kifafa.